Nakala si Feki

"Kaka, hii si wamekuuzia feki?"

Aliyeniuliza ni Mtanzania mwenzangu, mtu wa Tanga, siku nilipomwonyesha bastola yangu hapa Ohio ninakoishi. Aliigeuzageuza, akasoma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu, akakuta jina la mji wa Italia pale alipotarajia kuona jina la Colt. Akanirudishia kwa vidole viwili. Sikumlaumu, maana maneno hayo hayo nimeyasikia kwa Kiingereza kwenye viwanja vya shabaha, tena kwa watu waliozaliwa na kukulia katikati ya silaha. Wanasema bastola ya kale ni ile tu iliyofuliwa zama zake, na hizi zinazotengenezwa siku hizi kwa mfano wake ni bandia, pambo la ukutani, kitu cha kununuliwa na asiyemudu yenyewe.

Imani hiyo ni ya uongo. Tena ina madhara, kwa sababu mtu hatunzi anachokidharau.

Tuanze na neno lenyewe. Feki ni kitu kinachojisingizia. Saa ya kando ya barabara yenye jina la kampuni ya Uswisi ni feki kwa sababu inadai kwao ambako si kwao. Bastola yangu haidai hivyo. Ni Navy ya 1851, mfano wa ile aliyoibuni Samuel Colt: vyumba sita, mtutu wa pembe nane, kipenyo cha inchi 0.36. Kwenye mtutu limeandikwa jina la mtengenezaji, Uberti. Kuna mihuri ya Banco Nazionale di Prova, taasisi ya kupima silaha iliyoko Gardone Val Trompia, na kuna herufi mbili ndani ya kisanduku zinazotaja mwaka ilipopimwa. Kuna na onyo kwamba itiwe baruti nyeusi peke yake. Imetaja ukoo wake, mwaka wake na chakula chake. Uongo uko wapi?

Na huko Gardone si kwa mafundi wa juzi. Ni bonde karibu na Brescia ambako watu wamefua mitutu kizazi baada ya kizazi. Hati ya mwaka 1526 inamtaja Bartolomeo Beretta akilipwa kwa mitutu 185 iliyokwenda kwenye ghala la silaha la Venice. Colt alipozaliwa mwaka 1814, bonde hilo lilikuwa na karibu miaka 300 likila kwa kazi hiyo.

Wanaosema "yenyewe" wamesahau jinsi hiyo yenyewe ilivyosambaa. Kiwanda cha Colt cha Hartford kilitoa Navy zaidi ya 200,000 kati ya 1850 na 1873. Nyingine takriban 40,000 zilitoka London, ambako Colt alifungua kiwanda mwaka 1853. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walizifua pia, wengine kwa ruhusa yake, wengine bila ruhusa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, watu wa Kusini hawakuwa na Colt wa kuwauzia, wakanakili. Kiwanda cha Griswold & Gunnison huko Georgia kilitengeneza takriban 3,700, na kwa uhaba wa chuma fremu zake zikawa za shaba. Jeshi la Kaskazini lilikiteketeza Novemba 1864. Leo mnadani, nakala hizo za shaba zilizofuliwa kwa dhiki huuzwa ghali kuliko Navy za kawaida za Colt mwenyewe. Wale wale wanaoita ya kwangu feki huzikodolea macho hizo na kuziita hazina. Tofauti ni umri tu, na umri haumgeuzi mwongo kuwa mkweli wala mkweli kuwa mwongo.

Halafu kuna jambo ambalo huwa nalitaja nikibanwa sana. Mwaka 1971 kampuni ya Colt yenyewe iliirudisha Navy sokoni. Vipande ghafi vilitoka Italia, vikasuguliwa na kuunganishwa Marekani, vikapigwa muhuri wa Colt. Wakusanyaji wanaziita "kizazi cha pili" na kuzihifadhi kwenye masanduku yenye mahameli. Chuma ni cha bonde lile lile. Sasa kama muhuri peke yake ndio unaokipa chuma roho, basi hawa wanakusanya mihuri.

Kijijini kwetu, upande wa Kilosa, marehemu babu alikuwa na gobore. Alikuwa na kibali chake, na alilitumia kufukuza nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi. Lilifuliwa na fundi wa kijiji cha jirani kwa mfano wa bunduki za zamani zilizopanda bara na misafara kutoka pwani. Lilikuwa nakala ya nakala. Sikuwahi kusikia mtu akiliita feki. Waliliita gobore la mzee, na waliliheshimu kwa sababu lilifanya kazi na mwenyewe alilitunza. Akirudi kutoka shambani usiku, hata awe amechoka namna gani, bibi alikwisha kubandika maji jikoni. Babu aliyamimina yakichemka mdomoni mwa mtutu, yakatoka meusi, akamimina tena mpaka yakatoka meupe. Baada ya hapo ndipo alipokula.

Nilikuwa mdogo, nikidhani ni mila. Kumbe ni kemia. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75 kwa mia, makaa 15 na kiberiti 10, na inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki kama masizi na chumvi. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukishakutana nazo juu ya chuma, kutu haingoji wiki. Nimeona bastola iliyopigwa Jumamosi mchana ikafunguliwa Jumatatu, na vyumba vya silinda vilikuwa vimeota rangi ya matofali. Mwenyewe aliniambia, "Si kitu, ni nakala tu." Bastola ya chuma kizuri, yenye mandhari ya mapigano ya majini ya 1843 kati ya Texas na Meksiko iliyochorwa kuzunguka silinda kama alivyoibuni mchongaji Ormsby, imeliwa na kutu kwa sababu ya maneno mawili: nakala tu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kuitunza si kazi ngumu. Unagonga kabari inayoushikilia mtutu itoke, unavuta mtutu, unachomoa silinda. Unafungua chuchu sita, zile zinazovishwa fataki, kwa ufunguo wake. Maji ya moto na sabuni ya vyombo vinatosha; dawa za bei kubwa zinazouzwa madukani sijaona zinachozidi. Kisha unakausha, hata kwa kuweka vipande kwenye oveni yenye moto mdogo baada ya kuondoa mbao za mpini. Kisha mafuta. Hapa watu wengi hukosea: hupaka mafuta mazito ya petroli ndani ya mtutu, na safari ijayo yakikutana na baruti yanageuka lami. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na shahamu ya kondoo ndiyo iliyotumika zamani, na ndiyo ninayoitumia. Uzi wa kila chuchu unaupaka grisi kidogo kabla ya kuirudisha, la sivyo mwaka ujao haitoki bila kuvunjika.

Wanaodharau nakala wana hoja moja ya kweli, nami sitaificha. Si zote zimetengenezwa vizuri. Bastola nyingi za Uberti za mfano huu zina kasoro inayojulikana: mhimili unaobeba silinda ni mfupi kuliko tundu lake kwenye mtutu, kwa hiyo haugusi mwisho. Ukigonga kabari kwa nguvu, mtutu unarudi nyuma na kubana silinda isizunguke. Ukiigonga kidogo, mtutu unacheza. Zile za Hartford hazikuwa hivyo. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma ndani ya tundu hilo, kilichosuguliwa kwa tupa hadi kikae sawasawa. Nilikitengeneza kwa mikono yangu jioni mbili, na tangu siku hiyo bastola inapiga pale pale ninapoilenga. Je, kasoro hiyo inaifanya kuwa bandia? Inaifanya kuwa chombo kinachotaka fundi. Gari la kiwandani lina kasoro, cherehani ina kasoro, na hakuna anayeviita feki kwa sababu hiyo.

Feki halisi katika mambo haya ipo, na nitaitaja bila kupepesa. Wako wanaosugua mihuri ya Italia kwa tupa na kugonga anwani ya Colt ya New York mahali pake. Wanasema ni kwa ajili ya maigizo ya vita vya kale, ionekane vizuri kwenye picha. Lakini bastola haifi na mwenye kuigiza. Itauzwa, itarithiwa, na siku moja mjane asiyejua ataambiwa ni ya 1861. Mkono ulioshika tupa ndio uliotengeneza feki; Gardone haikufanya hivyo. Na wako wauzaji wanaotangaza Navy ya inchi 0.44 kama kitu cha kihistoria. Colt hakutengeneza Navy ya 1851 ya kipenyo hicho. Ya 0.44 ilikuwa Army ya 1860, bastola nyingine kabisa. Anayetaka historia aisome kabla ya kutoa fedha.

Kuna upande mwingine wa dharau hii, nao ni wa hatari zaidi. Wapenzi wa "yenyewe" hutaka kuipiga hiyo yenyewe. Wanachukua chuma cha miaka 160 au zaidi, chenye nyufa ambazo jicho halizioni, wanakijaza baruti na kukishika nusu mita kutoka usoni. Hata ile Colt mashuhuri ya 1873, kampuni haikuidhamini kwa baruti isiyo na moshi hadi mwaka 1900, maana vyuma vya awali havikufuliwa kubeba msukumo huo. Na kila risasi inayopigwa kwa bastola ya kale inakula kitu ambacho hakitatengenezwa tena: uzi wa skrubu, springi ya kwanza, michoro ya silinda. Mtu anayeipenda historia anaipumzisha. Anayetaka kujua mwenye Navy alisikia nini mkononi, moshi wake, harufu ya kiberiti, ganda la fataki lililopasuka likidondokea mtamboni na kuukwamisha, anunue nakala. Hakuna kitabu kitakachomfundisha hayo, wala kioo cha makumbusho.

Na asidhani ameshika kichezeo. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 haizihesabu nakala za namna hii pamoja na silaha za kawaida, ingawa majimbo kadhaa yana masharti yao. Uingereza, ilipopiga marufuku bastola mwaka 1997, iliacha nafasi kwa zinazojazwa kupitia mdomoni, kwa kibali. Watu wakasoma kulegezwa huko kama cheti cha kutokuwa na madhara. Lakini Julai 1865, mjini Springfield, Missouri, Wild Bill Hickok alimuua Davis Tutt kwa Colt Navy kutoka takriban mita 70, risasi moja. Gololi ya risasi inayotoka kwenye nakala yangu haijui kwamba imetoka kwenye nakala. Naifungia kabatini kwa kufuli, baruti mahali pake, fataki mahali pake, na watoto hawajui ufunguo uliko. Anayeiita feki ndiye huyo huyo atakayeiacha juu ya meza.

Yule ndugu wa Tanga nilimchukua uwanjani wiki mbili baadaye. Nilimwonyesha jinsi gololi inavyoshindiliwa hadi kipete chembamba cha risasi kinanyolewa ukingoni mwa chumba, dalili kwamba imeziba sawasawa na cheche za jirani hazitapita. Vyumba vitano tu, nyundo imelala juu ya kitupu. Alipiga yote matano. Moshi mweupe ulipotawanyika alikuwa kimya, akitazama mkono wake uliokwisha kuwa mweusi. Tuliporudi nyumbani ndiye aliyebandika maji jikoni.

Kwa hiyo wewe uliye nayo, iwe ya Uberti, ya Pietta au ya mwingine yeyote, na uliyemaliza mwaka bila kuifungua kwa sababu uliambiwa si kitu: itoe leo. Hakikisha vyumba vyote ni vitupu, chuchu hazina fataki. Gonga kabari, tazama ndani ya mtutu kwa tochi. Ukiona wekundu, bado hujachelewa sana. Maji ya moto, brashi, mafuta, na usiku mmoja wa kazi.