KUSHUKA KWA RUVU SHOOTING: TUSITAFUTE MCHAWI

Msimu wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara wa 2022/23 ulileta mambo mawili ambayo hayakutazamwa kwa pamoja. Yanga, ikiwa tayari imeshatwaa ubingwa wa nchi, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa kombe hilo kwa kanuni ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger ya Algeria. Taifa zima lilisimama kuipongeza, na ilistahili pongezi hizo. Katika msimu huohuo, Ruvu Shooting ya Mlandizi, Mkoa wa Pwani, ilishika nafasi ya mwisho kati ya timu 16 na kushuka daraja. Kwa hilo hakuna aliyesimama.

Sisi tunaona kwamba ukimya ule ulidhihirisha ugonjwa wa timu ile kuliko hata mabao iliyofungwa.

Desturi yetu timu inaposhuka ni kutafuta mchawi. Leo ni kocha, kesho mlinda mlango, keshokutwa mwamuzi. Wapo waliosema kwamba "Wazee wa Kupapasa" waliponzwa na tambo zao wenyewe. Lakini ikumbukwe kwamba timu hiyo ilishuka pia mwaka 2015, ikarejea mwaka uliofuata. Anayejikwaa mara mbili pahali pamoja hana budi kuitazama njia, asiishie kulaumu viatu.

Ruvu Shooting ni mtoto wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hilo Jeshi linastahili shukrani, kwa kuwa lilibeba mzigo ambao wananchi na halmashauri za Pwani hawakuubeba. Hata hivyo, tutazame kilichotokea mwaka 2023. Wakati Ruvu Shooting inashuka, JKT Tanzania, mtoto mwingine wa Jeshi hilohilo, ilikuwa inapanda, na makao yake yakawa katika Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni, Dar es Salaam. Jeshi, basi, halikukosa timu katika Ligi Kuu. Aliyekosa ni Mkoa wa Pwani, ambao katika msimu wa 2023/24 haukuwa na timu hata moja katika ligi hiyo, kuanzia Bagamoyo na Chalinze hadi Rufiji na Mafia.

Tena, dalili zilionekana mapema. Mwezi Novemba 2021, Ruvu Shooting ilipokuwa mwenyeji wa Simba, mchezo ulichezwa Mwanza. Mwezi Mei 2022, ilipokuwa mwenyeji wa Yanga, mchezo ulichezwa Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mlandizi. Twaelewa kwamba kiingilio cha michezo kama hiyo ni riziki kubwa kwa klabu ndogo, na kwamba Uwanja wa Mabatini haubebi umati mkubwa. Lakini mzazi wa Mlandizi atamfundishaje mwanawe kuipenda timu ambayo siku ya karamu huhamishia jamvi kwa watu wengine? Mama lishe aliyetarajia kuuza siku ile, kijana aliyetarajia kuwaona wachezaji wakubwa kwa macho yake, wote waliachiwa redio na vibanda umiza.

Tupande kaskazini kidogo, hadi Tanga. Mwaka 2016 mkoa huo ulipatwa na msiba mkubwa zaidi: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka zote kwa mpigo. Coastal Union, bingwa wa mwaka 1988, ilirejea mwaka 2018, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi mwaka 2022, na kushika nafasi ya nne katika msimu wa 2023/24. Wenzake wawili hawakurejea pamoja naye. Kwa kuwa African Sports nayo ni klabu ya wananchi, hatuwezi kudai kwamba kuwa mali ya wananchi peke yake ni dawa. Tunachosema ni kwamba klabu yenye wenyewe mitaani, ikianguka, huwa na watu wa kuililia, kuigombania na kuichangia. Bila hao, hata dawa haina wa kuinywesha.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalifahamu jambo hili vizuri. KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ na Zimamoto zote ni timu za vikosi, na zimewalea vijana wengi wenye vipaji. Feisal Salum alitoka JKU kabla ya kuvuka bahari kwenda Yanga mwaka 2018. Pamoja na hayo, klabu iliyotwaa Kombe la Mapinduzi mwezi Januari 2023, na kulitwaa tena mwezi Januari 2024 kwa kuifunga Simba katika fainali, ni Mlandege, klabu iliyobeba jina la mtaa wa Mjini Unguja. Mtaa ukiamua, unaweza.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wahusika wa Mkoa wa Pwani wasisubiri Jeshi peke yake liamue kama mkoa utakuwa na timu au hautakuwa nayo. Kwanza, kila halmashauri itenge, ipime na ilinde viwanja vya michezo, kabla ardhi ya pwani haijamalizika kwa kukatwa viwanja vya nyumba. Kiwanja cha mpira kikishajengwa hoteli hakirudi.

Pili, ligi ya mkoa ifike visiwani. Kijana wa Kilindoni anayetaka kuonekana Kibaha huvuka kwanza bahari hadi Nyamisati, kisha hushika safari ndefu ya barabara. Nauli hiyo isiachiwe mfuko wa mzazi wake mvuvi. Halmashauri na mkoa washirikiane kuilipa, na mara nyingine timu za bara nazo zivuke kwenda Mafia, ili mkoa uwe mmoja kwa vitendo.

Tatu, siku Ruvu Shooting itakapopanda tena, wananchi wafunguliwe mlango wa uanachama, wawe na sauti katika mikutano yake, na michezo yake mikubwa ichezwe ndani ya mkoa hata kama mapato yatapungua. Hasara ya mchezo mmoja ni ndogo kuliko hasara ya kukosa mashabiki.

Nasi wananchi tujihukumu. Tumezoea kugawana Simba na Yanga kana kwamba Pwani ni uwanja wa nyuma wa Dar es Salaam. Hakuna ubaya kuzipenda timu hizo. Ubaya ni kutojua hata timu ya wilaya yetu inacheza lini, kisha kushangaa ikishuka.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ruvu Shooting ilipelekwa mbali na kwao, nasi wa kwao hatukuitunza. Hapo hapana mchawi wa kutafutwa.