Walemavu nao wapewe uwanja





Mwezi Septemba 2023 wanamichezo walemavu wa bara letu walikutana Accra, Ghana, katika Michezo ya kwanza ya Walemavu ya Afrika. Palichezwa mpira wa kikapu na tenisi kwa viti vya magurudumu, na soka ya waliokatwa mguu. Nilifurahi sana. Lakini Asia na Pasifiki walianza michezo yao huko Oita, Japani, mwaka 1975! Sisi tulikuwa wapi muda wote huo?

Si kwamba hatuwezi. Timu yetu ya Tembo Warriors, watu wanaokimbia kwa magongo na golikipa wa mkono mmoja, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Uturuki mwaka 2022. Je, warithi wao watatoka wapi? Hapa kijijini kipindi cha michezo kikifika, mtoto wa gongo huachwa alinde mashati ya wenzake. Katika mashindano ya kata sijaona mchezo uliowekwa kwa ajili yake. Ukiuliza, unajibiwa hakuna fungu. Fungu gani? Kufyeka kipande cha uwanja wakacheza saba kwa saba hakuhitaji fedha za kigeni.

Nawaomba wahusika wa michezo mashuleni watuletee kanuni za michezo hii kwa Kiswahili, na walimu tupewe semina. Kwa mfano, gongo haliruhusiwi kuucheza mpira kwa makusudi. Chuoni hatukufundishwa hayo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.