Kicheko Kilichonitoa Ukumbini

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuongee mambo ya chumbani, ila siyo yale uliyoyazoea.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kicheni pati ya shosti yangu. MC akatupia utani, ukumbi mzima hoi. Mimi nikacheka mpaka mkojo ukanitoka. Nikajifunga khanga juu ya gauni, nikaaga eti mtoto anaumwa. Uongo mtupu!

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu nijifungue, miaka minne sasa, nikikohoa, nikipiga chafya au nikiruka kamba, unatoka. Nikaacha mazoezi, nikawa mtu wa nguo nyeusi. Kitandani ndiyo kabisa: mume wangu akinisogelea, nasingizia uchovu. Maskini, akaanza kuhisi nina mtu mwingine. Aliponiuliza waziwazi, nililia, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama Junior, ndiyo hilo tu? Kesho twende hospitali."

Daktari alitueleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu na njia ya mkojo hulegea, hasa baada ya uzazi. Tumbo likikaza ghafla, mkojo unaponyoka. Siyo fistula, kule kuna tundu, na mkojo huvuja muda wote.

Mimi nilitaka nipasuliwe yaishe. Akanituliza. Kwanza mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama unazuia mkojo na hewa kwa pamoja: mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. Ndiyo yale yanayoitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandikia mwaka 1948.

Yakishindikana, ndipo kisu. Kuna kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi. Kuna kuweka mkanda unaokatwa kwenye utando wa tumbo lako mwenyewe, ukashikilia njia ya mkojo kwa chini. Upo pia mkanda wa plastiki ulioanza miaka ya 1990. Huo upasuaji wake ni mfupi na umewasaidia wengi, lakini baadhi ya wanawake walibaki na maumivu makali, wengine mkanda ukatokeza ukeni. England ilisitisha matumizi yake ya kawaida Julai 2018. Kwa hiyo dada, kabla hujasaini, uliza: unaniwekea nini, na kikileta matatizo kitatolewaje?

Halafu daktari akauliza swali dogo: "Mnataka mtoto mwingine?" Tukatazamana. Kumbe mara nyingi hushauriwa umalize kuzaa kwanza, maana mimba na uzazi vinaweza kuharibu kazi ya upasuaji. Na sisi jambo hilo hatukuwahi kulizungumza! Tulilizungumzia kwenye gari, pale pale maegesho, saa nzima. Jibu lilikuwa ndiyo.

Basi kisu kimesubiri. Nafanya mazoezi nikiwa kwenye foleni, hata kwenye vikao vya ofisini, na hakuna anayejua. Sijapona kabisa, ila kamba naruka tena. Na mume wangu? Akisikia nimepiga chafya, anauliza, "Umebana?" Tunacheka wote wawili.

Kaka unayesoma hapa, mkeo akikukwepa, usikimbilie kukagua simu yake. Muulize kwa upole.

Tukutane mwezi ujao.