Kabla hujachukua ule mchoro mtandaoni, muulize aliyeuchora

Wauzaji wenzangu, leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi. Nina kosa langu nataka kulisema, maana najua siko peke yangu.

Mwaka jana niliona mtandaoni mchoro wa mama kabeba ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Mzuri mno. Nikaupakua kwenye simu, nikampelekea fundi wa kuprinti, nikatoa mikoba 40 ya kitambaa. Nikauza 15,000 kila mmoja, wiki mbili ikaisha yote. Mauzo 600,000. Ukitoa gharama zote, pamoja na boda, nilibaki na 240,000. Nikajiona nimeiweza biashara.

Halafu ikaingia meseji: "Dada, huo mchoro ni wangu. Uliupata wapi?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba niliukuta tu mtandaoni. Hakunitukana. Alinitumia picha ya mchoro wenyewe umeegemezwa ukutani, pembeni beseni la vyombo. Aliuchora usiku, wiki tatu, watoto wakishalala. Mimi niliuchukua kwa sekunde mbili.

Hapo nikajiuliza: mtu angebeba mikoba yangu 40 akasema "niliikuta tu mezani", ningemwitaje? Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro pia. Kitu kuwa mtandaoni hakukifanyi kiwe cha bure.

Nikamwomba radhi, tukakubaliana nimlipe 2,000 kwa kila mkoba niliouza. 80,000 ile iliniuma, sidanganyi. Lakini tangu hapo tunafanya kazi pamoja, na ndiye aliyenifungua macho.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Rosemary Karuga wa Kenya, mama aliyesoma sanaa Makerere miaka ya 1950 na anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo kwenye fani hiyo. Unadhani alitoka akawa tajiri wa michoro? Alifundisha shule miaka na miaka. Alikuja kurudi kwenye sanaa mwaka 1987, umri ukikaribia 60. Rangi ni ghali, basi akawa anakata karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, anabandika mpaka inatokea picha ya watu na wanyama. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, kikampa nafasi ya kufanyia kazi. Mwaka 1990 kazi zake zikaoneshwa kwenye jumba la makumbusho la Harlem, New York, pamoja na wasanii wengine wa Afrika. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Kipaji alikuwa nacho siku zote. Kilichokosekana ni nafasi, na mtu wa kumfikisha mbele ya watu. Ndiyo maana nasema wanawake wachoraji hawahitaji sifa zetu za "hongera dada, una kipaji". Wanahitaji oda, na kuunganishwa na wateja. Mwanaume mchoraji anaweza kukaa kijiweni na wenzake mpaka usiku, na kazi nyingi zinagawanwa hukohuko. Dada wa watu saa hizo yuko jikoni. Sisi tunaouza mtandaoni tunaweza kuwa kijiwe chake.

Utasema, "Mtaji wangu mdogo, nitamlipaje?" Nami wangu mdogo. Tunafanya hivi:

1. Omba ruhusa kwanza. Akikataa, achana nao.

2. Kama huna hela ya kununua mchoro, kubalianeni malipo kwa kila bidhaa itakayouzwa. Ila toa kianzio. "Nitakutangaza" hainunui rangi wala unga.

3. Andikeni, hata kwa WhatsApp: vipande vingapi, kila kimoja shilingi ngapi, analipwa lini, na mchoro unabaki wa nani. Oda yetu ya kwanza hatukuandika siku ya kukabidhi, akachelewa, tukanuniana bure.

4. Jina lake liwe kwenye lebo na kwenye kila posti. Wateja wangu wengi siku hizi wanauliza, "Huyu aliyechora ni nani?" Swali hilo linauza.

5. Mteja akitaka kitu usichouza, kama picha ya ukutani au lebo ya sabuni zake, mpe namba ya mchoraji, kwa ruhusa yake. Usidai kamisheni kwa kila kitu.

Hiyo namba tano msiidharau. Mchoraji wangu kaniunganisha na wenzake wawili: mmoja anapaka hina, mwingine anachora lebo. Wa hina anapata maharusi, maharusi wanataka mifuko ya zawadi, mifuko inarudi kwangu. Nilimpa mmoja oda, nikapata watatu.

Kama umeshachukua mchoro wa mtu kama nilivyofanya, usisubiri meseji. Mtafute wewe leo, mlipe hata kidogokidogo. Mimi mpaka nilitafutwa, na ile aibu simwombei mtu.