Hicho Mnachokiita Kiti Kidogo

Mtu wetu anayeishi Marekani akitangaza kwamba anagombea ubunge wa jimbo kwa mara ya kwanza, hukumu huwa imeshatoka kabla hajamaliza kujieleza. Kwenye kundi la WhatsApp atapigiwa makofi mawili matatu ya heshima, kisha pembeni watu wataulizana: kwani hicho nacho ni cheo? Wazee watamshauri asubiri kwanza, ajenge jina. Vijana watasema kama ni siasa basi si aende Washington. Na ndugu zake walioko Nakuru au Morogoro, ambao habari za Ikulu ya Marekani wanazo kuliko za diwani wao, watamuuliza kama atakuwa anaonana na rais.

Imani hii, kwamba bunge la jimbo ni kiti kidogo cha watu wadogo, inapita kama busara. Mimi naiita uvivu, tena uvivu unaotutoa pesa mfukoni.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu 2009. Anayeosha vyombo katika mgahawa wa Houston analindwa na hizo 7.25 basi, kwa kuwa bunge la Texas halikutaka kuongeza hata senti. Mwenzake wa Minnesota, anayeosha sahani zilezile, sheria ya jimbo inamhakikishia zaidi ya dola 11. Rais wao ni mmoja na Kongresi yao ni moja. Kilichowatenganisha ni mabunge mawili ya majimbo ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuwataja wajumbe wake watatu.

Au chukua leseni ya udereva. Tangu Oktoba 2023, mkazi wa Minnesota hupata leseni ya kawaida bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji. Kabla ya hapo, mama asiye na makaratasi aliyewapeleka watoto shule kwa gari aliendesha roho mkononi, maana taa ya nyuma ikizimika tu, polisi huyo nyuma yake. Mswada wa leseni hizo ulikuwa umekwama miaka mingi. Uliponyoka baada ya uchaguzi wa 2022 kuwapa Democratic seneti ya jimbo kwa viti 34 dhidi ya 33. Kiti kimoja. Wakati huo sisi tulikuwa tunabishana kama Trump atarudi.

Tena hata hiyo Washington mnayoiota, ramani yake inachorwa huku chini. Agosti 2025 bunge la Texas lilichora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi ya Kongresi ili Republican wajiongezee viti, na wajumbe wengi wa Democratic wakakimbilia Illinois ili akidi isitimie. Hao waliofungasha mabegi na kupanda ndege, na hao waliobaki Austin wakiwasubiri, wote ni wabunge wa jimbo. Kwa majimbo mengi, anayeamua mbunge wa Kongresi atagombea mtaa upi ni huyu mnayemwita mdogo.

Mtasema sawa, kiti kina uzito, lakini mgeni wa siasa hakiwezi. Asubiri zamu yake. Hapa ndipo nashindwa kabisa kuwaelewa Wakenya wenzangu. Rais Kibaki alitangaza Novemba 6, 2008 kuwa siku ya mapumziko nchi nzima kwa sababu mtoto wa mtu wa Kogelo ameshinda urais wa Marekani. Mtoto huyo alianzia wapi? Alianzia seneti ya jimbo la Illinois mwaka 1996, akigombea kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyempigia kigelegele. Tena kiti kilikuwa na mwenyewe. Alice Palmer alikuwa amekiacha ili ajaribu Kongresi, akashindwa huko, akarudi akitaka chake. Wazee wakamwomba Obama ampishe mama. Akakataa, na watu wake wakaenda kukagua saini za wapinzani wote, moja baada ya nyingine, hadi Palmer akajitoa na wagombea wengine watatu wakaenguliwa. Binafsi njia hiyo sikuipenda, kushinda mchujo kwa kubaki peke yako kwenye karatasi. Lakini angekuwa wa huku kwetu tungemwita mtovu wa adabu, na tungemkosa huyo rais tuliyemlia sikukuu.

Mfano mwingine, kwa wanaodhani lazima uwe umeshapikwa. Mwaka 2017, Danica Roem, mwandishi wa gazeti la mtaani huko Virginia, alimkabili Bob Marshall, aliyekalia kiti cha bunge la jimbo tangu 1992. Roem ni mwanamke aliyebadili jinsia, na upande wa pili ulitaka kampeni nzima iwe juu ya hilo. Marshall alikataa hata kukaa naye kwenye mdahalo. Roem akazungumzia Barabara ya 28. Foleni ya asubuhi, foleni ya jioni, taa za kuongozea magari, saa ambazo mzazi anazipoteza garini. Miaka yote aliyokuwa mwandishi alikuwa ameiripoti barabara hiyo, na mwenye nyumba alipofungua mlango alimkuta mtu anayejua kero yake kwa jina. Akashinda. Na mwaka 2020, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, mshauri wa watu waliokuwa hatarini kunyang'anywa nyumba, alimwangusha mbunge aliyekuwa kitini huko Astoria, New York, kwa kura zisizofika 500. Leo kila mtu anamjua. Mwaka ule, hata majirani wengi hawakumjua.

Na kura chache kama hizo ndizo hasa zinazowaumbua wanaodharau. Mwaka uleule wa ushindi wa Roem, 2017, katika eneo la Newport News, Virginia, Shelly Simonds alikuwa mbele ya David Yancey kwa kura moja baada ya kuhesabu upya. Kisha ikaletwa mahakamani karatasi moja: mpiga kura alikuwa amejaza viduara vya wote wawili, halafu akapiga mstari kwenye cha Simonds. Majaji wakasema hiyo ni ya Yancey. Wakawa 11,608 kwa 11,608. Januari 4, 2018, majina yao yakatiwa kwenye vikopo viwili vya filamu za kamera, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la udongo lililoazimwa kutoka jumba la sanaa, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akatoa kimoja. Yancey. Kwa bahati nasibu hiyo Republican wakabaki na bunge, 51 kwa 49. Kuna watu Newport News walioona hakuna haja ya kwenda kituoni siku ile, na bila shaka walikuwa na sababu nzuri kama zenu.

Anayetaka sababu ya kweli ya kumwonea huruma mgombea mgeni, ipo, ila haitajwi. Mbunge wa Texas analipwa dola 7,200 kwa mwaka, ukiacha posho za vikao, na kila mwaka wa pili anatakiwa awe Austin kwa siku 140. Kule New Hampshire, baraza la wawakilishi lina wajumbe 400 na kila mmoja hupata dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1889. Niambieni dereva wa lori mwenye mkopo wa lori, au mama anayelea wazee kwa zamu za usiku, atamweleza nini mwajiri wake. Mwenye ofisi yake ya uwakili ataweza. Mstaafu ataweza, na mwenye ranchi pia. Halafu sheria za lori na za nyumba za wazee zikitungwa na watu hao peke yao, tunashangaa zimetuumiza. Kama ni kulalamika, lalamikeni hapo. Mgombea wetu hakosi uzoefu. Anakosa kodi ya nyumba ya miezi mitano.

Sisi ni watu wa kuchanga. Ukitangazwa msiba, pesa za kusafirisha mwili hadi Kisii au Moshi hupatikana kabla wiki haijaisha. Basi mtoto wa mwenzenu akiwaandikia kuomba dola 20 za vipeperushi, msimjibu kwa ushauri. Mwenye uraia ajiandikishe, na asingoje mwaka wa urais; Virginia na New Jersey huchagua wabunge wao hata miaka ambayo Washington haina uchaguzi. Mwenye kadi ya kijani asipige kura, akijaribu anaweza kufukuzwa nchini, ila sheria inamruhusu kuchangia. Na kubisha hodi mlango kwa mlango Jumamosi asubuhi hakuulizwi pasipoti.