Kubadili Rangi, Kuhifadhi Utwana: Roald Dahl na Wahariri Wake

Mjadala uliozuka mwaka wa 2023, wachapishaji Puffin walipohariri upya vitabu vya watoto vya Roald Dahl (1916–1990), ulijikita katika swali jepesi: je, ni halali kuyagusa maneno ya marehemu? Waliopinga walisahau kwamba Dahl mwenyewe alitangulia kuyagusa. Katika Charlie and the Chocolate Factory (1964), vibarua wa kiwanda cha Wonka, Oompa-Loompa, ni Mbilikimo kutoka misitu ya Afrika. Baada ya lawama, toleo la 1973 liliwageuza weupe wenye nchi ya kubuni.

Ni nini basi kilichobadilika? Rangi tu. Bado wanasafirishwa masandukuni. Bado ujira wao ni mbegu za kakao. Bado peremende mpya hujaribiwa kwao. Na bado wanaimba. Uhusiano wa bwana na mtwana haukuguswa. Wala Afrika haikuwa ngeni kwa Dahl: aliitumikia kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam tangu 1938, akihudumiwa na Waafrika nyumbani.

Mhakiki anayehesabu maneno yaliyoondolewa anashika ganda na kuacha kiini. Itikadi haikai katika vivumishi pekee. Hukaa katika msuko: nani anamiliki, nani anatumika, nani anaamriwa kufurahi. Mhariri asiyeuliza hayo, na mtetezi wa matini asiyeyauliza, ni ndugu wawili: mmoja hupaka ufa chokaa, mwingine huulinda.