Kigari, Mbeleko na Mgongo wa Baba

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali hii hufundishwa madarasani kuwa ni sifa ya mapenzi ya mzazi. Kwa maoni yangu, imegeuzwa pia kuwa kisingizio: hutumiwa kumnyamazisha mama anapolalamika kuwa mtoto ni mzito.

Tulipojaliwa kifungua mimba wetu, nilinunua kigari kipya cha mtoto jijini Nairobi. Nilitaka nami nionekane nikilea. Siku ya kumpeleka mtoto kwa wakwe zangu Amu, kigari kilipanda basi hadi Mokowe, kikavuka kwa mashua na kufika gatini kiking'aa. Fahari yake ikaishia hapo. Mji huu wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Katika vichochoro vya Mkomani magurudumu yalikwama kwenye mifereji na vidato, na punda wenye mizigo hawakutupisha.

Mama mkwe alikitazama akatabasamu: "Mwanangu, punda wake u wapi?"

Mzaha wake ulikuwa na ukweli kuliko alivyodhani. Kigari kinachotajwa sana kuwa cha kwanza, alichobuni William Kent huko Uingereza mwaka 1733 kwa watoto wa mwinyi wa Devonshire, kilikusudiwa kukokotwa na mnyama mdogo. Kigari chepesi cha kukunjwa kilisubiri hadi mwaka 1965, alipokibuni Owen Maclaren.

Kisha mama akachukua leso, akamfunga mtoto mgongoni mwangu. Wanaume waliokuwa barazani walicheka. Nikapita.

Ndipo nilipolifikiria neno mbeleko, au ubeleko, litokanalo na kitenzi beleka. Neno hili lina maana mbili: nguo ya kubebea mtoto, na zawadi ambayo kwa mila za pwani bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Lugha yenyewe inakiri kuwa kubeba mtoto ni kazi, na kwamba mwanamume ana deni. Lakini deni hilo tumezoea kulilipa mara moja, siku ya ndoa, kisha mzigo tukamrudishia binti wa yule yule tuliyemshukuru.

Wapo watakaosema kigari ni usasa na mbeleko ni mila, tuchague kimoja. Sikubaliani nao. Katika barabara pana kigari humpumzisha mzazi, na si haki kumnyima mama nafuu hiyo kwa jina la utamaduni. Lakini nakiri kwamba nilikinunua kwa sababu kiliniruhusu kumlea mwanangu hadharani bila kuchekwa. Nilikuwa nimenunua magurudumu ili kukwepa leso.

Wanafunzi wenzangu, sisi huhesabu methali na maneno kama hazina, tukasahau kuuliza ni nani anayebeba uzito wake. Tunapoichambua methali ya ng'ombe na nundu, tuulize pia: ng'ombe huyo ni nani nyumbani kwetu? Kigari changu nilikiacha Amu, ukumbini kwa mama mkwe, ambako sasa hubebea nazi. Leso nilirudi nayo.